Sista Anuarite Nengapeta

Asubuhi na mapema, kabla jua halijatoka, akina mama wa Kadutu hupanda na kushuka vilima, mizigo kichwani, kwenda sokoni. Mmoja anawaza kodi ya nyumba. Mwingine anamwaza mtoto aliyelala na homa. Mwingine anahesabu fedha za shule, anaona hazitoshi, anahesabu tena. Mahangaiko ya namna hiyo hayakuanza leo. Mama Isude aliyajua vizuri, yeye aliyekaa mbali na Bukavu, kule kaskazini, kijijini Matali karibu na Wamba.

Mama Isude na mumewe Amisi walizaa mabinti sita, wala hawakupata mtoto wa kiume. Binti wa nne alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939, akaitwa Nengapeta. Kwa lugha ya kwao maana yake ni kwamba mali hudanganya. Wakati wa vita kuu Amisi alikuwa askari, akapelekwa mbali hata akafika Palestina. Alipoiona nchi ya Bwana Yesu, alimwandikia mkewe barua kumtaka aingie dini. Basi mwaka 1943 mama alibatizwa, na Nengapeta naye akabatizwa, akapata jina la Alphonsine. Lakini baadaye moyo wa Amisi uligeuka. Alitaka mtoto wa kiume, akamwacha Isude, akaoa mke mwingine. Mama akabaki na binti zake, na shida zote za nyumba zikamwangukia yeye.

Siku ya kuandikwa shuleni, Nengapeta alipelekwa na dada yake Léontine. Sista aliyeshika kalamu alikosea, akaandika jina la dada mahali pa jina la mdogo. Jina hilo lilikuwa Anuarite, maana yake mwenye kucheka vita. Hakuna aliyelisahihisha, nalo likamshika mpaka mwisho.

Tangu utoto alitamani kuwa sista. Watu wa nyumbani walimwona bado mdogo. Siku moja lori lilisimama kwenye misioni, limekuja kuwachukua wasichana waliokwenda kwa masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Anuarite akapanda kimya pamoja nao, hakumwambia mtu. Mama alimtafuta siku kadhaa, akauliza huku na huku, mpaka wenzake wa shule wakamwambia alikokwenda. Mama hakumrudisha. Tarehe 5 Agosti 1959 Anuarite aliweka nadhiri, akaitwa Sista Marie-Clémentine. Wazazi walikuja wote wawili, wakaleta mbuzi wawili kuwa sadaka yao.

Baadaye mama aliona shida zinazidi. Binti yake sasa alikuwa mwalimu. Akirudi nyumbani angeweza kusaidia. Akamwomba aache utawa. Mama huyo asilaumiwe, maana njaa ya watoto haingoji. Anuarite alimpenda mama yake, na jambo hilo lilimwumiza. Hakurudi. Alimwachia Mungu neno ambalo yeye mwenyewe hakuweza kulitengeneza, akaendelea na kazi: kufundisha watoto darasani, kupika jikoni, kutunza kanisa na vitu vya altare. Kazi iliyokosa mtu, aliishika yeye.

Mwaka 1964 vita vya waasi walioitwa Simba vilienea upande wa mashariki wa Kongo. Bukavu nayo iliguswa mwezi wa Agosti. Jumapili tarehe 29 Novemba waasi walifika Bafwabaka, wakawapakia masista wote na wanovisi katika lori. Walisema wanawapeleka Wamba, lakini walizunguka nao njia nyingine, wakawafikisha Isiro. Huko afisa mmoja alimchagua Anuarite awe mke wake. Akakataa.

Usidhani kwamba hakuogopa. Jina lake lilikuwa la mwenye kucheka vita, lakini usiku ule hakucheka. Chakula kilipoletwa hakikupita kooni. Wenzake waliona uso wake umebadilika. Alimwendea Mama Mkuu, akaomba masista wamwombee, kwa kuwa alijua moyo wake unatetemeka. Hofu haikumtoka. Ilikaa naye pamoja na sala, na kila alipoulizwa tena, alijibu vilevile kwamba amejitoa kwa Mungu.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, afisa mwingine, Pierre Olombe, alitaka kumchukua yeye na mwenzake, Sista Bokuma, kwa nguvu. Walikataa kuingia katika motokari. Akawapiga kwa kitako cha bunduki; Sista Bokuma alizimia, mkono wake umevunjika. Anuarite alimwambia Olombe kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui analolitenda. Maneno hayo yalimzidishia hasira. Askari walimchoma Anuarite, halafu Olombe akampiga risasi. Masista walimbeba ndani, wakamzunguka wakisali. Saa saba ya usiku alikufa, hajatimiza miaka 25.

Alizikwa pamoja na watu wengine waliouawa. Baadaye kaburi lilipofunguliwa, maiti yake ilijulikana kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria iliyokuwa mfukoni mwa nguo yake. Sasa amelala katika kanisa kuu la Isiro.

Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja Kinshasa, akamtangaza kuwa Mwenye Heri mbele ya umati mkubwa. Siku hiyohiyo, kwa jina la Kanisa lote, Papa alimsamehe yule aliyemwua. Majina yake yote mawili yameandikwa katika kitabu cha wenye heri, lile alilopewa nyumbani na lile la kosa la shuleni, na siku yake huadhimishwa tarehe 1 Desemba.