Jeanne Jugan, Mbeba Kikapu cha Wazee

Kila inapotangazwa kanisani sadaka ya wazee wasiojiweza, sisi tunaotumwa kuikusanya hujiuliza swali lile lile: nani aende kugonga milango? Wengi wetu hapa Kipawa tuko radhi kutoa shilingi zetu wenyewe kuliko kwenda kwa jirani kumwomba zake. Kuomba kuna aibu. Ndiyo maana tumeona vema kuwasimulia habari za mwanamke mmoja wa Ufaransa, Jeanne Jugan, ambaye aliichukua aibu hiyo akaifanya kazi yake. Yeye alikuwa wa Kanisa la Roma, nasi ni Waanglikana, lakini kwa mtu wa namna hii hatuoni sababu ya kujenga ua.

Alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1792 huko Cancale, mji mdogo wa wavuvi katika pwani ya Brittany, wakati Ufaransa imo katika machafuko ya mapinduzi yake. Baba yake alikuwa mvuvi. Siku moja alikwenda baharini asirudi, na Jeanne alikuwa angali mtoto mdogo. Watu wa pwani hii yetu hawahitaji kuelezwa maana ya kungoja chombo kisichorudi. Alipofikia umri wa miaka 16 hivi aliajiriwa jikoni kwa bibi mmoja wa ukoo mkubwa, ambaye alizoea kumchukua walipokwenda kuwatazama maskini. Baharia mmoja alimposa, akakataa. Mwaka 1817 alihamia Saint-Servan, mji wa bandari, akahudumia wagonjwa hospitalini mpaka nguvu zikamwishia. Kisha akawa mtumishi wa nyumbani kwa bibi mwingine, hadi bibi huyo alipofariki mwaka 1835.

Basi mpaka hapo hakuna la ajabu. Tunaye mtumishi wa ndani wa umri wa makamo, hana mume wala mali, amepanga vyumba vichache pamoja na bibi kizee mmoja na msichana yatima.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1839 alipata habari za mjane aitwaye Anne Chauvin, kipofu, aliyepooza upande mmoja, tena hana wa kumtunza. Jeanne alimbeba hadi nyumbani kwake, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe, naye akapanda kulala darini. Alikuwa na miaka 47. Baada ya muda mfupi akaja mzee wa pili. Mwaka 1841 walihamia nyumba kubwa zaidi, wakawa wazee 12. Mwaka uliofuata walinunua jengo la zamani la watawa, na haukupita muda mrefu wazee wakafika 40.

Wazee 40 hawalishwi kwa ujira wa kufua nguo na kusokota nyuzi. Wengi wao walikuwa wamezoea kuishi kwa kuombaomba, na hata baada ya kupata makao walitaka kurudi barabarani, maana ndiyo riziki waliyoijua. Jeanne hakuwakemea. Alimwuliza kila mmoja majina ya watu waliozoea kumpa, akachukua kikapu, akaenda yeye badala yao. Alifika mlangoni akaeleza kwamba yule mama hatakuja tena, na kwamba tangu siku hiyo yeye ndiye atakayekuja kuchukua fungu lake. Aliyemhimiza kufanya hivyo alikuwa mtawa mmoja wa shirika la Mtakatifu Yohane wa Mungu, ambao walikuwa na desturi hiyo ya kuomba kwa ajili ya wagonjwa.

Tunaomba msomaji asipite hapa haraka. Jeanne hakubuni sadaka mpya. Mkate ule ule uliokuwa ukitolewa uliendelea kutolewa, ila mzee hakusimama tena kwenye baridi kuupokea. Alichokihamisha ni aibu, kutoka kwao kuja kwake. Naye hakuizoea upesi: alikiri kwamba kazi hiyo ilimwelemea. Alipokea mabaki ya chakula, nguo kuukuu, mashuka, kuni na fedha ndogo ndogo, wala hakuona kitu kuwa kidogo mno kuingia kikapuni.

Husimuliwa kwamba mtu mmoja alimpiga. Jeanne alimshukuru, akasema kipigo hicho ni chake yeye, sasa ampe na cha maskini wake. Tajiri mwingine alitoa siku ya kwanza, akakasirika kumwona tena kesho yake. Jeanne alimjibu kwa tabasamu kwamba wazee walikuwa na njaa jana, leo wana njaa, na kesho pia watakuwa nayo. Tangu hapo mtu yule akawa mtoaji wa kudumu. Sisi tukijibiwa vibaya mara moja hufuta jina la mtu katika daftari.

Mwaka 1845 Akademia ya Ufaransa ilimpa tuzo ya faranga 3,000 kwa wema wake. Hotuba iliyomsifu ilichapwa, naye akawa akitembea nayo ili ifungue milango.

Lakini nyumbani mambo yalikuwa mengine. Desemba 1843 wenzake walikuwa wamemchagua tena kuwa mkuu wao. Katika mwezi huo huo padri mmoja, Auguste Le Pailleur, aliutangua uchaguzi, akaweka mahali pake msichana wa miaka 23. Jeanne akaendelea na kikapu chake. Mwaka 1852 aliondolewa hata katika kuomba, akawekwa ndani, na tangu 1856 aliishi huko Saint-Pern pamoja na wanafunzi wa utawa ambao wengi hawakujua yeye ni nani. Padri alijitangaza kuwa ndiye mwanzilishi, na Jeanne akahesabiwa kuwa sista wa tatu.

Mara moja tu alikumbukwa. Mwaka 1865 masista walitolewa shauri la kupokea mali zenye mapato ya kudumu. Jeanne aliitwa barazani, akashauri wakatae, waendelee kutegemea kinachotolewa siku kwa siku. Walimsikiliza.

Alifariki tarehe 29 Agosti 1879, mwenye miaka 86, wakati masista wamefikia 2,400 hivi. Mwaka 1890 Roma ilimwondoa Le Pailleur, na ukweli ukajulikana polepole. Jeanne alitangazwa mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Masista wake wako hata Nairobi, huko Kasarani, katika nyumba iitwayo Nyumba ya Wazee, na desturi yao ya kutoka kwenda kuwaombea wazee chakula ni ile ile ya Saint-Servan.