Tippu Tip na Mkataba Usiofika Hukumuni

Nimezaliwa Kasongo, na nyumbani kwetu jina la Hamed bin Muhammed el Murjebi halikutajwa mara nyingi. Babu alimwita Tipo Tipo tu, kama walivyomwita wazee wake, na akishalitaja jina hilo alibadili mazungumzo. Nilikua nikimjua kuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, basi. Kwamba alikuwa pia mtu wa mikataba, aliyedai na kudaiwa kwa karatasi, nilikuja kulijua hapa kitivoni nilipopewa kusoma habari za maisha yake alizozieleza mwenyewe kwa Kiswahili.

Kilichonirudisha kwenye habari hizo ni kesi ya kwetu. Mwaka jana baba yangu mdogo aliitwa mbele ya hakimu kule Kabambare kwa ajili ya kiwanja. Jirani alileta karatasi ya mistari miwili iliyoandikwa na marehemu babu, inayosema kwamba amemwachia kiwanja. Jirani akasema kuachia ni kuuza. Baba mdogo akasema kuachia ni kumpa mtu alime mpaka mwenyewe arudi. Mimi nilikaa benchi la nyuma, mwanafunzi wa lugha, nikaona ardhi ya ukoo mzima imening'inia kwenye kitenzi kimoja. Niliporudi chuoni nilimsoma upya Tippu Tip, safari hii kwa jicho la mtu aliyetoka mahakamani.

Alizaliwa Zanzibar mnamo 1837, katika ukoo wa wafanyabiashara waliokuwa na makao pia Tabora. Alianza safari za bara akiwa kijana. Mwaka 1867 alimshinda Nsama wa Itawa na kuchukua pembe nyingi. Baadaye alifika Utetera kwa mtemi Kasongo Rushie, akajitambulisha kuwa mjukuu wa ndugu wa kike wa mtemi huyo aliyetekwa zamani. Mtemi akakubali na kumkabidhi nchi. Hapakuwa na karatasi. Palikuwa na mzee aliyeamini neno, na mgeni aliyejua neno la undugu linafungua mlango gani. Kutoka huko alishuka mpaka Kasongo, alikokuwapo binamu yake Muhammed bin Said, aitwaye Bwana Nzige, akaufanya mji huo makao yake makuu.

Mkataba wake wa kwanza mkubwa na Mzungu ulifanyika Oktoba 1876, Henry Morton Stanley alipofika Maniema akitaka kuufuata mto Lualaba kuelekea kaskazini. Kwa masimulizi ya Stanley, Tippu Tip alikubali kumsindikiza na watu wenye bunduki 140 na wenye mikuki 70, kwa miguu 60 ya safari, kila mguu saa nne, kwa dola 5,000. Ukifungua maisha ya Tippu Tip, utakuta dola 7,000. Watu wawili, patano moja, bei mbili.

Waliondoka Nyangwe Novemba 1876. Msitu ulikuwa mzito, ndui na kuhara vikawaua wengi, na Tippu Tip akataka kurudi kabla ya miguu kutimia. Stanley akamsihi, wakapatana upya: miguu 20 zaidi kwa dola 2,600. Mwisho wa Desemba wakaachana, Stanley akateremka na mto hadi baharini. Tippu Tip anadai kwamba Stanley alimwahidi zawadi kubwa akifika kwao, lakini kilichomfikia ni picha ya Stanley mwenyewe. Kila nikilifikia jambo hili nasikia uchungu wa mtu aliyeweka ahadi ya mdomo sawa na maandishi, mbele ya mwenzake aliyeona deni limekwisha pale hati ilipolipwa.

Miaka kumi baadaye walikutana tena Zanzibar, na safari hii kila kitu kiliandikwa. Tarehe 24 Februari 1887, kwenye ubalozi wa Uingereza, Tippu Tip alikubali kumpatia Stanley wabebaji 600 kutoka maporomoko ya Stanley, yaani Kisangani ya leo, hadi Ziwa Albert, kwenda kumwokoa Emin Pasha na kubeba pembe zake. Malipo yalikuwa paundi 6 kwa kila mbebaji mwenye mzigo. Baruti ya watu hao ingetolewa na Stanley. Pamoja na hayo Tippu Tip alikubali kuwa wali wa maporomoko kwa niaba ya dola ya Mfalme Leopold, kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi. Kesho yake walipanda meli Madura, wakazunguka Afrika ya Kusini mpaka mdomo wa mto Kongo.

Mwisho wa Juni 1887 Stanley aliingia msituni kutoka Yambuya, akaacha nyuma kikosi chini ya meja Barttelot kisubiri wabebaji. Walisubiri karibu mwaka mzima huku watu wakifa kwa njaa na maradhi. Mwaka 1888 Jameson, msaidizi wa Barttelot, alisafiri mpaka Kasongo kwetu kumbembeleza Tippu Tip. Mwishowe walipatikana watu kama 400 chini ya Muni Somai, kwa masharti mapya na mizigo iliyopunguzwa. Tarehe 19 Julai 1888 Barttelot alipigwa risasi njiani na mmoja wa watu hao. Tarehe 17 Agosti Stanley alirudi Banalya, akakuta mabaki ya kikosi.

Nani alivunja mkataba? Stanley alisema ni Tippu Tip, kwa sababu watu 600 hawakuja. Tippu Tip alisema ni Stanley, kwa sababu baruti haikuja, na bila baruti watu wake wasingekubali kupita kwenye nchi zenye vita. Upande mmoja uliisoma idadi ya wabebaji kuwa moyo wa mkataba na baruti kuwa nyongeza. Upande wa pili uliisoma baruti kuwa sharti: isipotolewa, hakuna anayedaiwa mtu hata mmoja.

Hapa kuna jambo linalonishangaza kila mara. Siku 11 tu baada ya kifo cha Barttelot, tarehe 30 Julai 1888, dola ileile aliyokuwa wali wake ilitoa sheria ya mikataba, na sheria hiyo ndiyo ambayo mahakama za Kongo zinaitumia mpaka leo. Inasema kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana, na lazima yatekelezwe kwa nia njema. Inamtaka hakimu atafute nia ya pamoja ya waliopatana badala ya kukwama kwenye maana ya herufi. Inasema pia kwamba katika mkataba wa kupeana, upande mmoja usipotimiza wajibu wake, mwenzake anaweza kuomba mkataba uvunjwe. Hakimu mwenye sheria hiyo angeuliza: waliposaini Zanzibar, wote wawili walidhani wabebaji wangetembea bila baruti? Walitenda nini baadaye, wakati Jameson alipopatana upya Kasongo? Je, patano jipya lilifuta la kwanza? Maswali haya ni ya sheria, lakini ni ya lugha vilevile, kwa maana yanahusu neno lilitaka kusema nini siku liliposemwa.

Maswali hayo hayakupata jibu la mahakama. Stanley alifika pwani Desemba 1889, akafungua madai ya paundi 10,000 katika mahakama ya ubalozi wa Uingereza Zanzibar. Tippu Tip hakuwa raia wa Uingereza, ila fedha zake zilikuwa mikononi mwa Jaffer Tharia, mfanyabiashara Mhindi aliyekuwa chini ya himaya ya Waingereza, na kwa njia hiyo zikazuiwa. Habari ilimfikia Tippu Tip mbali sana. Mwaka 1890 aliondoka, maporomoko akamwachia Rashid, mwana wa Bwana Nzige, na Kasongo mwanawe Sefu. Njiani aliugua, akafika Zanzibar Julai 1891. Shauri likaachwa bila hukumu.

Maniema hakurudi tena. Vita na dola ya Leopold vilipolipuka mwaka 1892, yeye alikuwa Zanzibar. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo Aprili, na Sefu akauawa mwaka huohuo. Mwaka 1894 Kabambare nayo ikachukuliwa. Alifariki Zanzibar Juni 1905, baada ya kumwachia Heinrich Brode masimulizi ya maisha yake, yaliyochapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni katika tawasifu za kwanza kabisa za Kiswahili, na ndiyo maana jina lake limo katika silabasi yetu.

Siandiki ili kumsafisha. Mkataba wa 1887 uliwahesabu watu wa kwetu kwa vichwa, na hakuna mbebaji aliyeulizwa kama baruti au paundi 6 zilimhusu. Walibeba, wakafa, na madai ya paundi 10,000 hayakuwa yao. Sheria inasema mkataba huwafunga waliopatana tu. Kwa wabebaji wale ulikuwa umewafunga wasiopatana, na hilo ndilo ninalofikiri babu alilinyamazia kila alipobadili mazungumzo.

Kesi ya kiwanja bado haijaamuliwa. Mara ya mwisho hakimu hakuitazama karatasi peke yake. Aliuliza kama kuna bei iliyotajwa, nani alishuhudia, nani amelima tangu siku hiyo na kama babu aliwahi kudai mazao. Kisha akaagiza waletwe wazee wawili wa Kabambare waeleze watu wa rika la babu walimaanisha nini waliposema kuachia. Baba mdogo alinigeukia akaniuliza, mwanangu, ninyi huko chuoni hamna kitabu chenye neno hilo? Kamusi niliyokuwa nayo iliandikwa kwa Kiswahili cha pwani, na haikunisaidia. Tangu wakati huo nimeanza daftari la maneno ya mapatano kama yanavyosemwa Kasongo na Kabambare: kuachia, kuwekea, kukopesha, kupa mkono. Wenzangu mnaotoka Maniema, mkirudi likizo ulizeni wazee wenu, muandike na mfano wa sentensi, pamoja na umri wa msemaji. Wazee wanaokumbuka wanapungua, na kikao kijacho cha kesi yetu ni baada ya mvua.