Bernhard Grzimek: Daktari wa mifugo aliyewafungulia sokwe Rubondo

Wanaopanda boti Kasenda, karibu na Muganza, wakielekea kisiwa cha Rubondo, huambiwa mapema kwamba huenda wakasikia sokwe. Eneo hilo la mwambao wa Ziwa Victoria leo ni wilaya ya Chato, lakini zamani lilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo. Wasichoambiwa wote ni kwamba sokwe hao si wa asili ya pale. Bibi na babu zao walishuka melini, kutoka Ulaya, walikokuwa wamefungiwa kwenye bustani za wanyama na sarakasi.

Aliyewaleta ni Mjerumani Bernhard Grzimek. Wasikilizaji wengi wanalijua jina lake kwa ajili ya Serengeti. Habari ya Rubondo haisimuliwi sana, ingawa ndiyo inayouliza swali gumu zaidi: mnyama aliyelishwa kwa mkono miaka mingi anaweza kurudi porini?

Alisomea ng'ombe na kuku

Grzimek alizaliwa Aprili 24, 1909, mjini Neisse, ambao sasa unaitwa Nysa na uko Poland. Alisomea udaktari wa mifugo Leipzig na Berlin, akapata shahada ya udaktari 1933. Masomo yake yalikuwa ya wanyama wa kufugwa: farasi, ng'ombe, kuku. Kazi yake ya mwanzo serikalini ilihusu kilimo, hasa mayai na magonjwa ya kuku. Kutunza simba au sokwe hakikuwa kitu cha kusomea chuoni siku zile. Mtu aliingia kazini, akajifunza kwa waliomtangulia, na mara nyingi mnyama ndiye aliyelipa gharama ya makosa.

Kuna doa katika miaka hiyo. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba aliingia chama cha Nazi 1937, jambo ambalo yeye mwenyewe alilikana baada ya vita. Halifutiki kwa sababu alipenda wanyama.

Mwaka 1945 alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Mabomu yalikuwa yameiacha magofu na wanyama wachache tu. Katika mji wenye njaa, Grzimek alileta sarakasi, ngoma na michezo ya watoto ili watu walipe kiingilio, na kiingilio kikanunua chakula cha wanyama. Alibaki mkurugenzi hadi 1974.

Kutoka kukamata hadi kuhesabu

Afrika alikuja kwanza kama mkamataji. Mwaka 1951 alikwenda Ivory Coast, na miaka michache baadaye Kongo ya Wabelgiji, akitafuta wanyama wa kujaza vizimba vyake. Aliona mapori yakipungua mbele ya macho yake, na kuanzia hapo vitabu na filamu zake zikawa za onyo.

Mwisho wa 1957 yeye na mwanawe Michael waliondoka Ujerumani kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakaja Serengeti kuhesabu wanyama kutoka angani. Walihesabu zaidi ya 360,000. Serikali ya Waingereza ilikuwa inataka kuitenga Ngorongoro na Serengeti. Wao walitaka kuonyesha nyumbu wanapita wapi kabla mipaka haijachorwa. Mipaka ilichorwa hata hivyo, 1959.

Januari 10 mwaka huo huo, Michael akiwa peke yake angani, ndege iligongana na tai na kuanguka. Alikuwa na miaka 24. Baba yake alimzika kwenye ukingo wa bonde la Ngorongoro, akamaliza filamu waliyoianza pamoja. Mwaka 1960 ilipata tuzo ya Oscar.

Fedha zilizofuata, nyingi zikiwa michango ya Wajerumani waliomtazama kwenye televisheni akiwa na mnyama hai mezani, zilivuka bahari. Chama chake cha Frankfurt kilikuwa miongoni mwa waliosaidia kuanzisha Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kilichofunguliwa 1963. Tanganyika ilikuwa huru; wazungu waliokuwa wakisimamia mapori walikuwa wanaondoka, na Waafrika waliokuwa wamesomea kazi hiyo walikuwa wachache mno. Hapa Kanda ya Ziwa, chuo cha Pasiansi, Mwanza, kilifuata 1966 kwa ajili ya askari wanyamapori. Kijana wa Ngara au Biharamulo anayetaka kazi hii leo ana mlango ambao Grzimek mwenyewe hakuwa nao.

Masanduku ufukweni

Rubondo ilifanywa pori la akiba 1965. Kabla ya hapo watu waliishi kisiwani, wakilima na kuvua samaki. Walihamishwa kwenda visiwa vya jirani na bara. Katika simulizi nyingi za Grzimek watu hao hupita kwa sentensi moja, na si ajabu: aliamini hifadhi ni ya wanyama peke yao, na alisema hivyo pia kuhusu Wamasai wa Serengeti.

Kati ya 1966 na 1969 waliletwa sokwe 17, kwa makundi. Walikuwa wamezaliwa misitu ya Afrika Magharibi, wakakamatwa wadogo. Wengine walikuwa wamekaa vizimbani miezi tu, wengine miaka kadhaa. Hawakupewa mafunzo yoyote ya kuishi msituni. Masanduku yalifunguliwa, wakatoka.

Mambo hayakuwa laini. Madume wawili waliowashambulia watu walipigwa risasi. Mnyama asiyemwogopa binadamu ni hatari kuliko yule wa porini, na hili kila anayetunza wanyama vizimbani analijua. Lakini waliobaki walijifunza matunda yapi yanalika, wakaanza kujenga viota mitini, wakazaa. Vizazi vilivyofuata vikawakimbia watu, kama sokwe wa porini wanavyofanya.

Mwanafunzi wa Mweka akipeleka mpango kama huo leo, mwalimu angemrudishia. Angemuuliza kuhusu vipimo vya magonjwa. Angemuuliza kwa nini sokwe wa Afrika Magharibi wapelekwe nchi ambayo sokwe wake, wale wa Gombe na Mahale, ni wa jamii ya mashariki. Angemwonyesha pia faru walioletwa Rubondo miaka hiyo hiyo, ambao majangili waliwamaliza. Maswali haya yana majibu vitabuni sasa kwa sababu, kwa sehemu, mtu mmoja alijaribu bila kuuliza, na sokwe wakamwokoa kwa kuishi.

Rubondo ikawa hifadhi ya taifa 1977. Grzimek alifariki Machi 13, 1987, mjini Frankfurt, akiwa sarakasini na watoto, wakitazama onyesho la chui milia. Majivu yake yaliletwa Ngorongoro, yakazikwa kando ya Michael.