Strachey na deni la karanga za Nachingwea

JOHN Strachey hakuwa mkulima, lakini jina lake halitengani na mashamba ya karanga ya Nachingwea. Alizaliwa Uingereza mwaka 1901, mtoto wa mhariri wa gazeti, akasoma Oxford na kuingia bungeni kwa tiketi ya chama cha Labour mwaka 1929. Miaka ya 1930 aliandika vitabu vya kuupiga vita ubepari. Ajabu ni kwamba kilichomponza baadaye ni hesabu ya mtaji.

Mwaka 1946 aliteuliwa kuwa Waziri wa Chakula. Vita vilikuwa vimeiachia nchi yake uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, naye akaukubali mpango wa Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, wa kulima karanga kwa matrekta. Zilikusudiwa ekari zaidi ya milioni tatu Tanganyika, Kenya na Zambia ya leo, sehemu kubwa ikiwa Jimbo la Kusini, bara ya pwani ya Lindi.

Mwaka 1948 liliundwa shirika la umma, Overseas Food Corporation, kuendesha kazi hiyo. Shirika hilo halikuwa na hisa. Liliruhusiwa kukopa serikalini hadi pauni milioni 50 za muda mrefu, za kulipwa pamoja na riba.

Wenye biashara za ubia wanaijua tofauti. Aliyetia fedha kwenye ghala la korosho kama mtaji husubiri faida, na ghala likiungua hasara ni yake pia. Aliyekopesha hudai hata ghala likiwa majivu, na kampuni ikifilisika hulipwa kabla ya wenye hisa. Ndiyo maana ndugu hugombana: mwaka wa faida kila mmoja husema alinunua hisa, mwaka wa hasara kila mmoja husema alikopesha.

Kwa Strachey, mwenye mali na mkopeshaji walikuwa mmoja, yaani serikali, hivyo jambo hili lilionekana la makaratasi tu. Halikuwa hivyo. Kung'oa visiki na kujaribu mbegu kwenye ardhi ngeni ni kazi ya miaka, na fedha inayoweza kungoja miaka bila uhakika wa mavuno ni mtaji, iitwe vyovyote. Reli ilijengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, hadi Nachingwea, lakini mzigo wa karanga uliotarajiwa haukuja. Deni liliendelea kukua.

Mwaka 1949 wakaguzi walisema vitabu vya shirika havikutunzwa ipasavyo. Wapinzani bungeni walimwandama Strachey mwezi Novemba, alijitetea, hakujiuzulu. Baada ya uchaguzi wa 1950 alihamishiwa Wizara ya Vita.

Januari 1951 serikali ilitangaza kuufuta mpango ule mkubwa pamoja na deni la pauni milioni 36 hivi. Mkopo ukageuka mtaji uliokwisha kupotea, na walipa kodi wa Uingereza wakajikuta wenye hisa bila kuulizwa.

Mashamba yaliyobaki yalikabidhiwa Tanganyika Agricultural Corporation mwaka 1955, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa. Strachey alifariki London Julai 1963, akiwa bado mbunge wa Dundee.