Upendo Usio na Notisi

Neno la msingi: Marko 1:40–42, Warumi 5:8

Mimi nilisomea biashara, na huko tulifundishwa kwamba mkataba mzuri ni ule unaosema mapema utatoka vipi. Nyumba ya kupanga ina notisi ya mwezi mmoja. Kazi ina notisi. Hata chama kina sheria ya kujiondoa. Hakuna ubaya, biashara ndivyo inavyoenda. Shida ni pale tunapoubeba mkataba huo hadi kwa upendo: nitakupenda, lakini mlango wa nyuma nimeuacha wazi. Wiki hii nawaletea maisha ya mtu aliyeufunga mlango huo.

Alizaliwa tarehe 3 Januari 1840 katika kijiji cha Tremelo, Ubelgiji, akaitwa Jozef De Veuster. Baba yake alikuwa mkulima na muuza nafaka, na kijana alipelekwa shule asomee mambo ya biashara ili aje aiendeshe ile ya nyumbani. Lakini mwaka wa 1859 aliingia shirika la watawa, akapewa jina Damien. Ndiyo, alikuwa Mkatoliki, na sisi ni Wapentekoste. Yako mafundisho ambayo hatukubaliani. Lakini tunda la Roho ukiliona, litambue.

Kaka yake, naye mtawa, alikuwa amepangiwa kwenda Hawaii kama mmisionari, akaugua. Damien akaomba aende badala yake. Alifika Honolulu Machi 1864 akiwa na miaka 24, na miezi miwili baadaye akawekwa wakfu kuwa padri.

Hawaii wakati huo ilikuwa ufalme, na ugonjwa wa ukoma ulikuwa umeingia. Dawa haikuwepo. Mwaka wa 1865 sheria ilipitishwa kwamba wagonjwa watengwe, na kuanzia 1866 walikuwa wakipelekwa Molokai, mahali ambapo nyuma ni majabali marefu na mbele ni bahari. Ukipandishwa meli ya kwenda huko, watu wako walikuwa wanakuaga kama maiti. Hata hivyo, upendo ulifika Molokai kabla ya Damien. Walikuwepo wake, waume na jamaa wazima wa mwili waliokubali kutengwa pamoja na wagonjwa wao ili wawahudumie. Na miongoni mwa wagonjwa wenyewe kulikuwa na waumini walioanzisha kanisa.

Askofu alijua kwamba kumtuma padri akae huko ni kama kumhukumu kifo. Kwa hivyo wanne walijitolea waende kwa zamu. Damien alikuwa wa kwanza. Alifika tarehe 10 Mei 1873, akiwa na miaka 33, akalala siku za mwanzo chini ya mti kando ya kanisa. Zamu ingeisha, angerudi. Lakini haukupita muda akaomba aachwe huko huko. Hapo ndipo notisi ilipofutwa. Alikaa miaka 16.

Sasa soma tena Marko 1. Yesu alimgusa mwenye ukoma kwanza, uponyaji ukafuata. Damien hakuwa na uwezo wa kuwaponya watu wake. Alichokuwa nacho ni mkono. Alikuwa ameonywa asiwaguse wagonjwa, na mwanzoni haikuwa rahisi. Harufu ya vidonda ilimshinda hadi akaanza kuvuta kiko ili aweze kuvumilia. Lakini aliosha vidonda, akafunga bendeji, akala nao bakuli moja la poi, kile chakula chao cha nduma za kupondwa. Alijenga nyumba, akasaidia kuleta maji ya mfereji, akalea mayatima, akawafundisha watu kuimba. Wakifa, aliwatengenezea majeneza na kuwachimbia makaburi kwa mikono yake.

Tusielewe vibaya. Upendo usio na masharti si kusema sawa kwa kila kitu. Watu huko walikuwa wakitengeneza pombe kutokana na mizizi na kuharibikiwa nayo, na Damien aliipiga vita pombe hiyo bila kumwacha mlevi. Wala hakuwa malaika. Alikuwa mtu wa hasira za haraka, aliyekosana na wakubwa wake na hata na wasaidizi. Mungu hutumia vyombo vya udongo.

Mwishoni mwa 1884 aliingiza mguu kwenye maji moto sana. Ngozi ikatoka malengelenge, lakini yeye hakusikia uchungu wowote. Alijua maana yake. Madaktari wakathibitisha kwamba ni ukoma. Aliendelea kujenga na kuhudumu hadi mwili ulipokataa, na alifariki tarehe 15 Aprili 1889, akiwa na miaka 49.

Hata baada ya kufa hakuachwa. Mhubiri mmoja wa Kiprotestanti huko Honolulu aliandika barua kwamba Damien alikuwa mchafu na kwamba ugonjwa ule alijiletea. Aliyemtetea kwa ukali, mwaka wa 1890, ni mwandishi Robert Louis Stevenson, mtu wa malezi ya Kiprotestanti pia. Hebu tujiulize, sisi tunaohubiri, barua gani ingetoka kwetu?

Leo ukoma unatibika kwa vidonge. Lakini Molokai bado iko. Kuna kijana aliyetoka jela na kiti kilicho kando yake kanisani hakikaliwi. Kuna mama ambaye mtoto wake ana ugonjwa wa akili na jirani hawaji tena. Kuna ndugu anayerudi kwenye pombe kila tukimwinua. Sisemi mtu akae nyumba anayopigwa. Toka, uwe salama, kanisa litasimama na wewe. Ninachosema ni kwamba wengi tumewapa watu hawa upendo wa zamu: mara moja, picha, halafu kimya.

Warumi 5:8 inatuambia Kristo alitufia tukiwa bado wenye dhambi. Hakungoja tupone ndipo atuguse. Basi wiki hii chagua mtu mmoja uliyekuwa umeanza kumpa notisi moyoni. Mpigie simu, nenda ukae naye, kula alichopika. Wiki ijayo rudi tena.

Tuombe: Bwana Yesu, ulitugusa tukiwa wachafu na hukutuacha. Tuondolee woga na hesabu zetu za siri. Tupe mikono inayogusa na miguu inayorudi. Kwa jina lako tumeomba, Amina.