Tasbihi, Kalamu na Sufuria

Marehemu A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada alizaliwa Calcutta mwaka 1896. Mwaka 1922 alikutana na mwalimu wake, akaagizwa kuieneza dini ya Krishna kwa Kiingereza. Lakini alikuwa na mke, watoto na biashara ya dawa. Agizo likangoja miaka mingi. Alipofika Marekani kwa meli mwaka 1965, alikuwa na umri wa miaka 69. Mwaka uliofuata akaanzisha jumuiya ya Hare Krishna mjini New York.

Mambo matatu hakuyatenganisha. Usiku wa manane, wengine wamelala, alifasiri vitabu. Wafuasi wake aliwataka wavute uradi kila siku, mizunguko 16 ya tasbihi yenye punje 108. Na chakula kilichopikwa hekaluni alitaka kiwafikie wenye njaa.

Mwaka 1971 alikuja Mombasa na Nairobi. Hekalu alikohubiri Nairobi lilikuwa la Wahindi. Akaagiza milango ifunguliwe kwa Waafrika pia. Elimu isiyovuka kizingiti, kwake haikuwa utumishi.

Alifariki Vrindavan tarehe 14 Novemba 1977, tafsiri yake ya Bhagavata haijatimia, ingawa aliishughulikia hata kitandani. Wanafunzi wake ndio walioimaliza. Watu wa Kisii na Nyamira, wenye desturi ya risaga ya kulimiana mashamba, hawatalistaajabia hilo: mmoja akianguka, jirani huliokota jembe.