Michael Faraday: Mwana wa mhunzi aliyeona nguvu zisizoonekana

MWANAFUNZI wa fizikia katika shule ya upili hufika siku moja akapewa sumaku, karatasi nyeupe na unga wa chuma. Karatasi huwekwa juu ya sumaku, unga ukanyunyizwa, karatasi ikagongwa polepole kwa kidole, na papo hapo chembe zile zikajipanga kwa mistari iliyopinda kutoka ncha moja ya sumaku hadi nyingine. Kisha mwalimu huandika ubaoni neno ‘uga’, kanuni zikafuata, na wengi wakazikariri ili wapite mtihani.

Ni wachache wanaojua kwamba mtu aliyeifanya mistari hiyo kuwa msingi wa sayansi hangeweza kuziandika kanuni hizo. Michael Faraday hakukanyaga darasa la chuo kikuu akiwa mwanafunzi, na hisabati ya juu ilimpiga chenga hadi kufa kwake.

Alizaliwa Septemba 22, 1791 katika eneo la Newington, kusini mwa London, Uingereza. Babake, James, alikuwa mhunzi aliyesumbuliwa na maradhi mara kwa mara, hali iliyoitumbukiza familia katika uchochole. Shuleni mvulana huyo alifunzwa kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu.

Akiwa na umri wa miaka 13 alianza kutumwa na George Riebau, muuzaji na mjalidi wa vitabu. Mnamo 1805 akaanza uanagenzi wa miaka saba katika duka hilo. Vitabu alivyopewa kushona na kutia majalada, alivisoma. Makala kuhusu umeme katika ensaiklopidia ya Britannica, pamoja na kitabu cha kemia cha Jane Marcet, yalimfungua macho, na kwa senti chache alizodunduliza akajiundia vifaa vya majaribio.

Bahati ilimjia mwaka wa 1812. Mteja mmoja wa duka, mwanamuziki William Dance, alimpa tiketi za kuhudhuria mihadhara ya mwanakemia mashuhuri Humphry Davy katika taasisi ya Royal Institution. Faraday alinakili aliyoyasikia, akayapamba kwa michoro, akayajalidi kwa mikono yake mwenyewe na kumpelekea Davy pamoja na ombi la kazi. Msaidizi wa maabara alipofutwa kwa kosa la kupigana, nafasi ikapatikana. Machi 1, 1813, Faraday aliajiriwa akiwa na umri wa miaka 21.

Miezi michache baadaye aliandamana na Davy katika ziara ya Ulaya iliyodumu hadi Aprili 1815. Alikutana na vigogo wa sayansi, wakiwemo Ampère jijini Paris na Volta nchini Italia. Hata hivyo, safari hiyo ilikuwa na shubiri yake. Alilazimika pia kuwa mtumishi wa Davy, na mke wa bwana huyo hakuficha kwamba alimwona kijana huyo kuwa mtumwa wa nyumbani tu.

Ili kuelewa alichokuja kukifanya, ni sharti kwanza kuelewa mawazo yaliyotawala enzi hizo. Isaac Newton, katika kitabu chake cha 1687, alikuwa ameonyesha kwamba kila kitu chenye uzito huvuta kingine, na kwamba umbali ukiongezeka maradufu, mvuto hupungua hadi robo. Mfaransa Coulomb naye, mnamo 1785, alithibitisha kwamba chaji za umeme hufuata utaratibu uo huo. Hesabu zilikubali barabara. Lakini jinsi Jua linavyoweza kuivuta Dunia kupitia anga tupu, pasipo kamba wala mkono, lilibaki kuwa fumbo. Wanahisabati wengi waliridhika na hesabu zao, wakaliacha fumbo lilale.

Mnamo 1820, Hans Christian Ørsted wa Denmark aligundua kwamba waya unaopitisha umeme hugeuza sindano ya dira. Jambo la ajabu ni kwamba sindano haikuvutwa kuelekea waya wala haikusukumwa mbali nao. Ilikaa kikingamo. Faraday alitambua maana yake: nguvu hiyo ilizunguka waya kama pete inavyozunguka kidole. Septemba 1821 alitumbukiza ncha ya waya katika zebaki iliyokuwa na sumaku, akapitisha umeme, na waya ukaanza kuizunguka sumaku bila kukoma. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa mota ya umeme.

Ufanisi huo ulimletea uhasama. Alichapisha matokeo bila kumtaja mwanasayansi William Wollaston, aliyekuwa akiwaza jambo la karibu na hilo, na minong’ono ya wizi wa fikra ikaenea. Aliposhindania nafasi katika Royal Society, mpinzani wake mkuu alikuwa Davy, bwana wake wa zamani. Hata hivyo, alichaguliwa Januari 1824.

Siku iliyobadilisha dunia ilikuwa Agosti 29, 1831. Faraday alichukua pete ya chuma, akazungushia waya upande mmoja na waya mwingine upande wa pili. Alipounganisha waya wa kwanza na betri, sindano iliyokuwa karibu na waya wa pili ilishtuka, kisha ikatulia. Alipokata umeme, ilishtuka tena. Umeme ulipokuwa ukipita kwa utulivu, hapakuwa na chochote.

Somo lilikuwa wazi: sumaku iliyotulia haizalishi umeme, mabadiliko ndiyo huuzalisha. Oktoba 17 mwaka huo alisukuma sumaku ndani ya waya ulioviringwa na kupata mkondo. Siku 11 baadaye alizungusha kisahani cha shaba kati ya ncha za sumaku kubwa, umeme ukatiririka mfululizo. Mitambo inayosukumwa na mvuke wa ardhini kule Olkaria na ile ya mabwawa ya Mto Tana hufuata kanuni iyo hiyo hadi leo.

Kwake Faraday, swali kuu lilikuwa moja: ni nini kilichomo katika nafasi iliyo kati ya sumaku na waya? Jibu lake lilikuwa kwamba nafasi hiyo si tupu. Imejaa mistari ya nguvu, iliyosongamana pale nguvu ilipo kubwa na kutawanyika pale ilipo hafifu. Waya unapoikata mistari hiyo, umeme huzaliwa. Sumaku, kwa hivyo, haiishii kwenye chuma chake, kwani uga wake ni sehemu yake pia.

Aliyapima mawazo hayo kwa vitendo. Mnamo 1836 aliunda kizimba cha futi 12 kila upande, akakifunika kwa waya na karatasi za madini, akaingia ndani na vifaa vyake huku kizimba kikitiwa umeme mwingi. Nje cheche ziliruka. Ndani, vifaa havikuonyesha lolote. Mnamo Septemba 1845 alionyesha kwamba sumaku huathiri mwanga unaopita katika kioo kizito, na Novemba mwaka huo akaanza kutumia istilahi ya uga wa sumaku katika daftari zake.

Wasomi wengi hawakushawishika. George Airy, mwanafalaki mkuu wa Uingereza, aliipuuza mistari hiyo kwa kuiona kuwa haina uthabiti ikilinganishwa na hesabu za Newton. Haikuwa rahisi kwao kukubali kwamba mjalidi wa vitabu asiyejua hisabati ameona walichokosa kukiona.

Faraday, aliyekuwa muumini wa dhehebu dogo la Kikristo la Wasandemania, aliamini kwamba nguvu zote za maumbile zina asili moja. Umeme na sumaku vilikuwa vimeungana, na mwanga ulionekana kuhusiana navyo. Ilibaki nguvu ya uvutano. Kuanzia 1849 aliangusha vitu vizito kutoka juu ya ukumbi wa mihadhara, akitafuta iwapo kuanguka kwao kungezalisha umeme kama mwendo wa sumaku unavyofanya. Hakupata kitu, akachapisha hivyo hivyo kwamba hakupata kitu, ingawa imani yake haikutikisika. Mnamo 1859 alijaribu tena kwa mizigo ya risasi katika mnara mrefu karibu na daraja la Waterloo. Ripoti aliyoipeleka Royal Society mwaka uliofuata aliiondoa baada ya kushauriwa kwamba haikufaa kuchapishwa.

Wakati huo, mtetezi wake alikuwa amekwisha kujitokeza. James Clerk Maxwell, kijana Mskoti aliyeimudu hisabati, alisoma maandishi ya Faraday na kutambua kwamba michoro ile ilikuwa hisabati iliyovaa vazi jingine. Kazi yake ya kwanza kuhusu mistari hiyo ilitoka kati ya 1855 na 1856. Faraday alifurahi, lakini katika barua ya 1857 akauliza iwapo wanahisabati hawangeweza pia kueleza matokeo yao kwa lugha ya kawaida. Mnamo 1865 Maxwell alichapisha nadharia iliyoonyesha kwamba mwanga wenyewe ni mawimbi ya uga wa umeme na sumaku.

Umri ulipozidi kusonga, kumbukumbu za Faraday zilififia. Alikataa kutunukiwa cheo cha ‘Sir’, akakataa pia kuwa rais wa Royal Society. Alifariki Agosti 25, 1867 katika nyumba ya Hampton Court aliyopewa na Malkia Victoria, akazikwa katika makaburi ya Highgate, London. Yeye na mkewe Sarah hawakujaliwa watoto.

Mnamo 1915 Albert Einstein alieleza nguvu ya uvutano yenyewe kwa njia ya uga, na hivyo fumbo la anga tupu likapata jibu la aina aliyoitafuta Faraday. Lakini muungano wa uvutano na umeme, ambao Einstein pia aliutafuta hadi kufa kwake 1955, haujathibitishwa na jaribio lolote.

Vitabu vya shule huzipanga nyuga hizo tatu bega kwa bega. Uzito huvuta tu, chaji huvuta na kusukuma, na sumaku haina ncha iliyo peke yake. Mwanafunzi anayekatisha kanuni ubaoni ili aulize ni nini kilichomo katika nafasi iliyo katikati hajapotea njia. Hilo ndilo swali ambalo Faraday alilipanda nalo mnara wa Waterloo akiwa na umri wa miaka 67, na akashuka bila jibu.